Fimbo ya Kutolea Gesi Kwenye Waini ya Nyumbani: Ununue au Ubaki na Mwiko?

Habari zenu wadau, karibuni tena, tuko hapa Kirumba, Mwanza. Mezani leo nina fimbo ya kutolea gesi kwenye waini, ile inayofungwa kwenye drili. Swali linalokuja sana ni hili: ukitengeneza waini ya seti, yaani ile pakiti yenye juisi ya zabibu, hamira na dawa zake, zile lita 23, mwiko hautoshi?

Unatosha, ila mkono utakoma. Hamira inapokula sukari inatoa pombe na kabonidayoksaidi, na sehemu ya gesi hiyo hubaki imeyeyuka humohumo. Usipoitoa, waini inachoma ulimi kama soda. Kibaya zaidi, haitakati: dawa ya kushushia mashapo inafanya kazi, halafu viputo vinayanyanyua tena. Watu wanailaumu seti, kumbe tatizo ni gesi.

Sogeza kamera hapa. Ufito ni wa chuma kisichoshika kutu, chini una mabawa mawili ya plastiki. Yakilala hivi yanapita kwenye mdomo mwembamba wa dumu la kioo, drili ikizunguka yanafunguka yenyewe. Nimeipenda sana hiyo. Nisichokipenda ni hapa kwenye pini, pana upenyo na mashapo yanajificha. Paswaki vizuri, kisha suuza kwa dawa ya kuua vijidudu, kila mara.

Kabla ya kuwasha, pima kwa haidromita, kile kipimo kinachoelea cha kuonyesha kama sukari imeisha. Isome chini ya 0.998 na isishuke tena siku inayofuata, ndipo ujue hamira imemaliza. Pakiti ya metabisalfaiti, ile dawa ya kuhifadhia, nayo iingie sasa, inailinda waini na hewa.

Haya, nawasha. Taratibu! Mmeona povu linavyopanda? Ukibana kitufe mpaka mwisho, waini inaishia sakafuni. Zungusha kidogo, acha povu litulie, geuza upande wa kuzungukia, endelea. Na lile shimo linalotokea katikati waini ikizunguka lisifike kwenye mabawa, maana hapo unaingiza oksijeni, na oksijeni inaua ladha na rangi.

Sisi wa kandokando ya ziwa tuna nafuu: gesi hutoka vizuri kwenye nyuzi 22 hadi 24, na huku hatuhitaji hita.

Pampu ya kunyonya hewa? Nzuri, haiingizi oksijeni. Ila usiifunge kwenye ndoo ya plastiki, itanywea, wala kwenye dumu la kioo lenye ufa.

Usihesabu dakika. Mimina waini nusu chupa, ziba kwa kiganja, tikisa, achia. Ikilia "pwaa", gesi bado ipo, rudi kwenye drili.

Kwa anayetengeneza mara moja kwa mwaka, baki na mwiko mrefu, pesa yako nunulia chupa. Mwenye madumu mawili matatu, chukua fimbo hii bila wasiwasi, na hakikisha ufito ni wa chuma.