Kapsuli ya pregabalini na B12 kwa miguu inayowaka moto: uzoefu wangu

Nina kisukari cha aina ya pili na nimekuwa kwenye metformini, dawa ya kushusha sukari, kwa miaka mingi. Ilianza ganzi vidoleni, ukafuata moto kwenye nyayo, na usiku ndio ulikuwa mbaya zaidi: hata shuka likigusa mguu ilikuwa mateso. Panadol na diklofenaki hazikufua dafu. Daktari wa kliniki ya kisukari alinieleza sababu: hapa hakuna kidonda wala uvimbe, mishipa ya fahamu yenyewe imeharibika na inapeleka maumivu kwenye ubongo bila kuguswa na kitu.

Aliniandikia kapsuli moja yenye dawa mbili, pregabalini (hutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu) miligramu 75 na methilikobalamini (aina ya vitamini B12) maikrogramu 750, nimeze usiku. Kwanza alinipima figo, kwa kuwa pregabalini hutoka mwilini kupitia figo, na zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa. Akapima na B12. Ilikuwa chini.

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila mwenye kisukari alijue. Metformini ikitumika muda mrefu hupunguza B12 inayofyonzwa tumboni, na upungufu huo huleta ganzi na moto ule ule tunaousingizia sukari. Unaweza kudhibiti sukari vizuri kabisa na miguu ikaendelea kuwaka.

Moto ulipungua mapema na usingizi ukarudi. Hiyo ni kazi ya pregabalini. Ganzi imekwenda polepole, miezi kadhaa, na mguu wa kulia bado haujapona. Mishipa ya fahamu hujijenga taratibu, na vitamini haitulizi maumivu usiku huo huo. Anayeitegemea kwa hilo atavunjika moyo bure.

Madhara yapo. Nilikuwa naamka na kizunguzungu, na uzito umeongezeka. Pombe haifai kabisa na dawa hii, na ukitumia tramadoli, dawa kali ya maumivu, mwambie daktari, maana zikikutana zinaweza kupunguza nguvu ya kupumua. Pia haiachwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo. Bei nayo inauma. Amitriptilini ni nafuu zaidi na hutumika kwa maumivu haya haya, ingawa haimfai kila mtu, hasa mwenye shida ya moyo.

Kinachonisikitisha ni watu kuchomwa sindano za mchanganyiko wa B1, B6 na B12 mfululizo bila kipimo chochote. B6 ina kazi yake: wanaotumia isoniazidi kutibu kifua kikuu hupewa ili kulinda mishipa ya fahamu. Lakini ikizidi kwa muda mrefu, yenyewe huiharibu mishipa hiyo na kuleta ganzi.

Kliniki ijayo tunarudia kipimo cha B12. Hali ikiwa nzuri tutaanza kupunguza pregabalini, ila B12 nitaendelea nayo maadamu niko kwenye metformini.