TAHADHARI: Muuzaji wa trela za "MIG mara tatu imara", msimlipe kabla hamjasoma hapa

Jamani, nimejiuliza wiki nzima niandike au ninyamaze. Naandika. Kuna muuzaji anatangaza mtandaoni trela ndogo, stendi za matangi na fremu za vyuma, na chambo chake ni kimoja: ati kazi yake yote anachomelea kwa MIG (mashine inayosukuma waya yenyewe huku gesi ikiulinda mshono), na kiungo cha MIG kina nguvu mara tatu ya kile cha fimbo (vile vijiti vya kuchomelea vilivyopakwa dawa). Kwa neno hilo tu bei inapanda. Nyongeza hiyo nililipa, trela nikachukua.

Haikumaliza miezi miwili. Mkono wa kuvutia uliachana na chesisi nikiwa barabarani, na mzigo haukufika hata nusu ya aliosema yeye mwenyewe kwamba trela inabeba. Mnyororo wa usalama ndio ulioniokoa, mimi na waliokuwa nyuma yangu.

Nilipolala chini kuangalia, nilikuta mshono umetoka wote kama gamba linalobanduka kwenye kidonda kilichopona. Pale ulipokuwa umekaa, bamba la milimita 10 lilikuwa bado na michirizi ya grinda, myembamba, inang'aa. Hebu fikirieni: chuma kingekuwa kimeyeyuka, michirizi hiyo ingebaki vipi? Upande wa pili nikakwangua rangi, nikakuta puti. Chini ya puti pengo limejazwa vipande vya nondo, juu yake umepitishwa mshono mwembamba wa kuficha aibu. Puti kwenye trela!

Sasa turudi kwenye ile "mara tatu". Waya wa MIG unaotumika sana kwa chuma cha kawaida ni ER70S-6. Fimbo inayoheshimika kwa kazi nzito ni E7018. Hiyo 70 kwenye majina yote mawili ina maana ileile: chuma cha mshono kinatakiwa kuhimili mvuto usiopungua pauni 70,000 kwa inchi ya mraba, karibu megapaskali 480. Nguvu sawa. Hata E6013, ile fimbo ya kila karakana, inaanzia 60,000. Bamba la kawaida lenyewe hukatika kati ya megapaskali 400 na 550 hivi. Kwa hiyo hata kama angekuwa na mshono wa maajabu, bamba pembeni yake lingekatika kwanza, na hiyo mara tatu usingeiona.

Tofauti inatoka kwenye namna kazi ilivyofanyika. MIG ya mashine ndogo, ikipigwa kwa moto mdogo kwenye bamba nene, hutandaza mshono mzuri wa kupendeza macho kabla chuma cha chini hakijayeyuka. Kwa macho huwezi kujua. Ndicho kilichonikuta. Upepo nao ukipeperusha gesi, mshono unajaa vitundu kama mkate. Fimbo ina madhambi yake pia: E7018 ikiachwa wazi inanyonya unyevu, na kanuni ya kawaida ni isizidi saa 4 nje ya tanuri lake la kuitunza kavu. Ukiipuuza, haidrojeni inaingia kwenye mshono na ufa unaweza kujitokeza siku mbili baadaye, wakati wewe umeshachukua mzigo wako na kwenda. TIG, ile ya ncha ya tungsten ambayo fundi huilisha waya kwa mkono, ni safi na inamtii fundi, lakini ni ya polepole, na kwa waya wa daraja lilelile haikupi kiungo chenye nguvu ya ajabu kuliko wengine. (Mafundi wa MIG msinirushie mawe. Fundi mzuri wa MIG namheshimu, ninayemsema hapa si fundi.)

Lililoniuma zaidi ni ile video yake. Anavuta vipande viwili kwa jeki: cha fimbo kinakatika kwenye mshono, cha MIG kinavutika bila kuachia. Nimeitazama tena taratibu baada ya kuumizwa. Kipande cha MIG ni chembamba, kingo zake zimechongwa kwa mshazari, na kimechomelewa pande zote mbili. Kile cha fimbo ni kinene, kingo zimeachwa kama zilivyokatwa, na mshono uko upande mmoja tu. Ungevibadilishia mashine, matokeo yangekuwa yaleyale. Isitoshe, trela haivutwi mara moja kwa jeki. Inatikiswa maelfu ya mara, na ufa huanzia ukingoni mwa mshono, hasa fundi akiwa ameacha mfereji pale.

Nilipompigia alisema nimezidisha mzigo. Nilipomtumia picha za nondo, akabadilika: nilete trela "apitishe mshono mwingine juu". Msikubali kamwe. Ufa ukifunikwa unabaki ndani ukiendelea kutembea. Unachimbwa kwa grinda mpaka uishe, ndipo pachomelewe upya.

Anayetaka kuagiza kwa mtu yeyote, akatae kupokea kazi iliyokwisha kupakwa rangi. Aombe kipande cha majaribio cha bamba lenye unene uleule, mapande mawili yaliyosimamishwa kwa umbo la T na kuchomelewa upande mmoja, kisha kigongwe kwa nyundo kwa kukilaza upande wa mshono mpaka kikatike au kilale. Kikikatika, atazame ndani: chuma cha kijivu kilichochanika ni afadhali, uso laini au alama za grinda ni mshono uliokaa juu tu. Rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa nayo inasaidia, ila inaona zilizofika juu peke yake.

Juzi nimeona tangazo lake jipya. Safari hii ni TIG, "mara tano". Jeki ni ileile, na kile kipande kinene chenye kingo butu bado kipo pembeni.