Skima ya "tani 30 kwa saa" na bumu ya upepo, mwaka mmoja baharini: nasema nilichokiona

Wiki hii tu watu watatu wamenipigia kuulizia vile vifaa vyetu vya kusafishia mafuta yakimwagika baharini, mmoja yuko Mtwara mmoja Tanga mwingine hapahapa Dar, na nimechoka kurudia maneno yaleyale kwenye simu kwahiyo naandika mara moja basi. Mimi ni mtu wa boti sio muuzaji, sipati kamisheni ya mtu. Kampuni ninayofanyia kazi ilinunua seti nzima mwaka jana: bumu ya kujaza upepo mita 200 imeviringwa kwenye roli lake, skima mbili (mashine za kukusanya mafuta juu ya maji), pawapaki ya dizeli ya kuzizungusha, tenki la kuelea la mita za ujazo 5, na mabunda ya pedi za kunyonya. Jina la muuzaji sisemi na bei siweki, bosi atanitafuta.

Kwa msiojua, bumu hapa sio ile wanachuo wanayosubiri iingie kwenye akaunti. Ni uzio unaoelea, juu una mfuko wa upepo, chini una sketi inayoning'inia ndani ya maji na mnyororo wa kuipa uzito, kazi yake kuyabana mafuta yasisambae ili skima ipate cha kufyonza. Basi. Haifyonzi chochote yenyewe, nasema hivi kwasababu hata bosi alidhani inafyonza.

Nianze na sifa maana ipo. Mpira wake mzito, sio ile plastiki ya turubai inayokakamaa na kuchanika ikipigwa jua miezi sita. Inatoka kwenye roli bila kujisokota, watu wanne na mashine ya kupuliza upepo mnaishusha bila kugombana. Mawimbi ya kawaida inayapanda na kuyashuka vizuri, inalala na wimbi kama mkeka, sio kama ile yetu ya zamani ya maboya magumu ambayo wimbi lilikua linairuka tu juu na mafuta yake. Ila kipindi cha kusi kimekolea ukaipeleka kule nje Mjimwema meli zinakofunga kwenye boya kushusha mafuta, hapo nayo inarukwa, usidanganywe.

Sasa siku ya kwanza kuijaribu. Huwezi kumwaga mafuta ya kweli baharini kwa ajili ya zoezi, kwahiyo tukatumia machungwa, na hii sio ushamba wetu, hata wenzetu wa nje wanafanya, chungwa linaelea huku karibu lote limezama, linafuata maji kama mafuta yanavyofuata. Magunia mawili ya Muheza. Tatizo siku aliyoichagua bosi ilikua bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu kuliko kawaida, yeye aliangalia kalenda ya mezani hakumuuliza mtu yeyote wa bahari. Boti mbili tunavuta bumu kwa umbo la U, machungwa yamejikusanya kule tumboni mazuri kabisa, watu wanapiga picha, maji yakaanza kupwa. Nikaona chungwa la kwanza linazama kidogo, linapotea, linaibuka upande wa pili wa bumu. Halafu la pili. Halafu yakawa yanapita kama abiria wa pantoni geti likifunguliwa. Vijana wa ngalawa waliokua wanavua karibu wakaacha mishipi yao wakaja kuokota, mmoja akatuita "mjomba, mnamwaga mengine?"

Bumu haikua mbovu. Ndo maumbile yake, bumu yoyote ya kawaida mkondo ukiipiga kwa mbele zaidi ya noti 0.7 hivi inaanza kupitisha, mafuta yanachanwa matone matone na kuburutwa chini ya sketi. Noti 0.7 ni kama kilomita 1.3 kwa saa, yaani mwendo wa mgonjwa anayetolewa wodini kuota jua. Na boti zetu zenye injini mbili za nyuma hata ukiziacha kwenye sailensa zinakwenda zaidi ya hapo, nahodha anatia gia anatoa, anatia anatoa, siku nzima, jioni mkono umevimba. Kwenye kipeperushi hii kitu ipo, ukurasa wa mwisho, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa. Kwahiyo wewe wa Mtwara ukisikia "bumu ya bahari kuu" usielewe kwamba inaushinda mkondo. Mkondo ukiwa noti 1.5 unailaza mshazari, nyuzi 28 hivi na mkondo, mafuta yanateleza kuifuata mpaka pembeni kwenye maji yaliyotulia, huko ndo unaweka skima. Kama mko bahari wazi mnavuta, acheni boti ziserereke na mkondo, msishindane nao.

Halafu urefu. Mita 200 zinaonekana nyingi zikiwa kwenye roli. Hesabu ya kuizungushia meli ni mara tatu ya urefu wake, meli ya mita 180 inataka mita 540, sisi na 200 zetu tunaifunika ubavu mmoja tu. Tukasema tutaunga na ile ya zamani, kumbe viungo haviingiliani, hii ina kiungo cha aina yake ile ina cha kwake, tukakesha na shekeli na kamba, na pale kwenye maungio ndo palikua mlango wa mafuta. Kabla hujalipa hata shilingi uliza kiungo, dai kile cha kiwango cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, ili kesho uunge na ya jirani. Muuzaji wetu hakutuambia na sisi hatukuuliza.

Skima. Hapa ndo kuna pesa na hapa ndo kuna uongo. Ya kwanza ni ya kizingiti, fikiria beseni linaloelea ambalo mdomo wake umeshushwa ukakaa sawasawa na uso wa maji, mafuta yanamwagikia ndani pampu inavuta. Hii ndo imeandikwa tani 30 kwa saa. Na kweli inavuta 30, sibishi. Ila 30 za nini?

Usiku mmoja meli moja ilikua inajaza mafuta yake ya injini, yale mazito meusi, tenki likafurika yakaja sitaha na mengine baharini. Tukaenda. Upepo kidogo tu, viwimbi vya kiganja, na kila kiwimbi kikija beseni linapiga funda la maji. Tenki letu la mita za ujazo 5 likajaa ndani ya dakika 10, tukashangilia. Kijana akachukua fimbo akachovya, mafuta juu ni kama kina cha kiganja, chini yote maji ya chumvi. Sasa hapo uko katikati ya bahari saa 8 usiku, tenki limejaa maji, skima inanguruma haina pa kutapikia, na mafuta unayaona kwenye tochi yanang'aa yanaondoka zake kuelekea mikokoni. Kuyaacha yatulie maji yashuke chini ndo uyatoe kwa bomba kunataka muda na kunataka ruhusa. Nilichojifunza usiku ule ni kwamba hela ya kwanza weka kwenye matenki na tishari ya kupokelea, skima ije baadae. Muuzaji hakuuliza tuna tenki kiasi gani. Sijui nimlaumu au nijilaumu.

Ya pili ni skima ya ngoma, na hii naipenda, nasema wazi. Mapipa mawili yanazunguka taratibu nusu yakiwa ndani ya maji, mafuta yanaganda kwenye ngozi ya pipa maji hayagandi, kuna kisu cha mpira kinayakwangua yanaingia kwenye beseni. Iko taratibu, kwa namba ni aibu mbele ya mwenzake, lakini kinachoingia tenkini ni mafuta. Yetu ngoma zake zina mifereji, na hiyo mifereji sio urembo, inaongeza eneo la mafuta kushika. Mwaka 2011 Marekani waliweka shindano la zawadi ya dola milioni 1 kwenye lile bwawa la majaribio la Ohmsett, New Jersey, lina urefu wa mita 203, na washindi, Elastec, walikuja na sahani zenye mifereji ya namna hii, galoni 4,670 kwa dakika na karibu asilimia 90 ya walichokusanya kilikua mafuta. Bwawani lakini. Bwawa halina bamvua.

Kosa tulilofanya sisi ni kuizungusha haraka, mtu anaona taratibu mno anakanyagia, basi inaanza kuleta maji ileile. Izungushe pole, ukiona kwenye kisu panatiririka utando wa kahawia mpana usio na mapovu umepatia. Na uiwahi. Yale mafuta mazito yakipigwa na wimbi yanakunywa maji, kesho yake yanakua kama uji wa ulezi, ujazo unaweza kufika mara tatu au nne ya yaliyomwagika, na ngoma inaanza kuteleza juu yake.

Wewe wa Tanga ulieuliza kuhusu Chongoleani, pale bomba la Uganda linapoishia, sikiliza hapa peke yako. Yale mafuta ya bomba la kutoka Uganda, kilomita 1,443 zote, yana nta, ndo maana bomba linapashwa moto juu ya nyuzi 50 ili yatembee. Yakiangukia maji ya bahari yetu hayatasambaa kama dizeli, yataganda mabonge kama mafuta ya nazi asubuhi ya Juni kule Lushoto. Skima ya ngoma itayapapasa tu, hiyo ya kizingiti ndo usiiguse. Ulizia ya brashi au ya mkanda, na nyavu.

Pawapaki: injini nzuri, haili mafuta, betri ndo shida. Imekaa stoo miezi minne hakuna mtu anaiwasha, siku ya tukio stata inasema tik. Tukatoa betri ya gari ya mhasibu. Vichwa vya hozi za haidroliki vimeshaanza kuota kutu kwasababu vifuniko vyake vilipotea wiki ya kwanza. Sasa kila Jumatatu inawashwa dakika 15, nimeandika ukutani kwa chokaa.

Kuna wanaosema mbona gharama, si tumwage dawa ya kuyatawanya. Dawa ina kibali chake na masharti yake, karibu na matumbawe au mikoko usithubutu, na sabuni ya unga sio dawa, nimeshaona mtu anaileta. Wengine wananitajia Mauritius, 2020 meli inayoitwa Wakashio ilipopasuka mafuta kama tani 1,000 yakatoka, wananchi wakashona bumu za majani ya miwa na chupa za plastiki. Kweli, na ziliwasaidia, nawavulia kofia, lakini ile ni ndani ya mwamba wa matumbawe maji yametulia, kule nje zingeondoka na wimbi la kwanza. Na anaekuambia ana mtambo wa kurudisha mafuta yote mkumbushe Ghuba ya Mexico 2010 kisima cha mafuta kilipolipuka, meli za kila aina, hela za kila aina, na hesabu ya serikali yao ilitoa kwamba skima zilirudisha kama asilimia 3. Tatu. Hiyo ndo sababu sikasiriki na skima yangu, nakasirika na kipeperushi.

Nikipewa hela upya: ngoma nachukua tena, bumu nachukua tena ila mita 600 na kiungo kinachoeleweka, ya kizingiti naacha au naiweka ya gatini tu kwenye maji tulivu mafuta yakiwa tabaka nene, na tenki la pili kabla ya vyote.

Pedi nimezisahau. Ni nzuri, zinanyonya zaidi ya mara 10 ya uzito wake na maji zinayakataa, tumia mwishoni kwenye ule utando mwembamba na kufutia kingo za gati, usizitupe bahari wazi maana utazifukuza mpaka Zanzibar. Ila hakuna alietuambia zikishalowa zinaenda wapi. Za usiku ule bado ziko kwenye mapipa sita nyuma ya ofisi, jua likiwaka zinanuka mpaka mama ntilie amehamisha meza yake, na kila nikiuliza naambiwa barua imeshaandikwa.