Cup 2 kwenye Cayman GT4: tairi la kwenda Yas Marina na kurudi Muscat

Nianze na hukumu, maana najua wengi wenu ndiyo mnayoitafuta. Kwa Porsche 718 Cayman GT4 inayotoka Muscat kwa magurudumu yake yenyewe, ikazunguka Yas Marina, uwanja wa mbio wa Abu Dhabi, jioni nzima, kisha ikarudi nyumbani usiku, tairi langu ni Michelin Pilot Sport Cup 2 ya kawaida. Cup 2 R nimeiacha, Pirelli Trofeo R nimewaachia wenyewe, na yale matairi ya mashindano yaliyochorwa mifereji miwili mitatu ili yapite kwa trafiki sina haja nayo. Mwenye lori la kubebea gari asome kwa kujifurahisha tu. Hesabu zake ni nyingine.

Gari lenyewe kwa wasiolijua: injini ya lita 4.0 imekaa nyuma ya mgongo wa dereva, nguvu farasi 420, uzito kilo 1,420 hivi. Mbele linavaa 245/35 ZR20, nyuma 295/30 ZR20. Tofauti hiyo ya upana inauma mfukoni, kwa sababu huwezi kuhamisha ya mbele kwenda nyuma ili yalike sawa. Unachoweza ni kubadilishana ya kulia na ya kushoto, na hilo nitalifikia.

Yas Marina ilifunguliwa 2009, ikapokea Formula 1 mwaka huohuo, kona kadhaa zikabadilishwa 2021, na sasa mzunguko mmoja ni kilomita 5.281. Kokoto za lami yake zilisafirishwa kutoka machimbo ya Bayston Hill, Shropshire, Uingereza. Sisi wa Oman tuna milima ya mawe ya kuuza dunia nzima, kwa hiyo mara ya kwanza kusikia habari hiyo nilicheka. Ukifunga breki mwisho wa ule mnyoofu mrefu unaacha kucheka. Jiwe lile halisuguliki upesi likawa laini, lami inashika kwelikweli, na lami inayoshika inakula mpira. Halafu pale mnazunguka kinyume na mishale ya saa. Uzito wa gari unalalia kulia kona baada ya kona, na tairi la mbele kulia ndilo linalobeba msiba.

Nilianza na Pilot Sport 4S, ambazo mwenye gari aliyenitangulia alikuwa amezifunga. Ni tairi zuri mno la barabarani: kimya, laini, na kwenye mvua sijaona la kulishinda. Uwanjani mizunguko miwili ya mwanzo ilinifurahisha, wa tatu pua ya gari ikaanza kusita kuingia kona, wa nne usukani ukawa kama nakoroga uji. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vilivyosimama usoni mwa tairi, ni ndefu. Zikipata moto zinapindapinda kabla ya kushika, na huko kupindapinda kunazaa moto zaidi. Sililaumu hata kidogo; limetengenezewa barabara na kazi hiyo inaiweza.

Ubavuni mwa tairi kuna neno TREADWEAR na namba mbele yake. Ni kipimo cha ulikaji kinachodaiwa na sheria za Marekani. Pilot Sport 4S imeandikwa 300, Cup 2 zangu 180, Trofeo R 60. Namba ikishuka, tarajia mpira laini zaidi na maisha mafupi zaidi. Ila kila kiwanda hujipimia chenyewe, kwa hiyo usishindanishe namba za viwanda viwili kana kwamba zimetoka kwenye mzani mmoja.

Cup 2 ni habari nyingine. Uso wake umeunganishwa mpira wa aina mbili, mmoja upande wa nje unaobeba kona, mwingine upande wa ndani. Dereva anachokihisi ni kwamba ukigusa usukani tu pua inafuata papo hapo, bila ile subira ya kashata kujipanga. Mzunguko wa kwanza usiliamini, linataka kupashwa moto. Kuanzia wa pili linatulia, na ninachokilipia hasa ni kwamba wa sita unafanana na wa tatu. Kuna wenzangu wenye matairi makali zaidi wanaonipita mapema. Nawapisha kwa heshima, kisha nawakuta baadaye wanapoza gari.

Lakini Cup 2 bila geji ya upepo ni hasara tupu, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu naona watu wanatumia pesa nyingi kununua tairi halafu hawana hata kipimo cha mkononi.

Hewa ya ndani ya tairi ikipanda joto kwa nyuzi 10, presha inaongezeka karibu ba 0.1 (ba ni kizio cha presha). Tairi likitoka nyuzi 30 likafika 80, umeongeza nusu ba bila kugusa pampu. Ukiingia uwanjani na presha ya barabarani, baada ya mizunguko michache tairi limevimba katikati, linagusa lami kwa ukanda mwembamba tu, na gari linaanza kuelea. Mimi natafuta 2.2 hadi 2.3 likiwa moto. Ili nifike hapo, nashusha ya kushoto hadi 1.8 yakiwa baridi, na ya kulia 1.7, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayopata moto mkali. Nikitoka uwanjani, kabla sijavua helmeti, napima yote manne na kupunguza penye ziada. Ukisubiri umalize maji na soga, kipimo kimeshakudanganya.

Yas kuna mtego mwingine. Tunaanza saa kumi na moja jioni, lami imepigwa na jua mchana kutwa, na tunamaliza taa zimeshawaka. Lami inapoa, presha inashuka nayo, na tairi lililokuwa 2.3 unalikuta 2.1. Watu husema gari limechoka. Halijachoka, limepungukiwa upepo. Kwa hiyo anayetoa upepo kwa pupa mapema jioni ajue atautafuta usiku.

Kabla ya kuondoka nayaacha yapoe, kisha naongeza hadi kipimo cha kitabu kwa pampu ndogo ya kuchomeka kwenye kiberiti cha gari. Kilomita zaidi ya 400 za barabara kuu kwa presha ya 1.8 ni kuliua tairi ubavuni, na pengine kujiua mwenyewe. Mtaniuliza naitrojeni. Hewa hii tunayovuta tayari ni naitrojeni asilimia 78. Faida ya ile ya kununua ni ukavu wake, kwani unyevu ndani ya tairi ndio unaofanya presha ipande bila mpangilio. Muscat ya Agosti, unyevu ukiwa unatiririka ukutani, naielewa faida hiyo. Pampu yenye kikaushio kizuri inanifikisha palepale kwa bei ndogo.

Jambo jingine lililobadilisha maisha ya tairi langu lilifanyika gereji, huku mtaa wa Ghala, Muscat. Fundi wangu, mzee wa asili ya Unguja, alilipandisha gari, akapitisha kidole begani mwa tairi la mbele kulia, akasema, "Sheikh, huku nje limekwisha, ndani bado jipya. Gurudumu limesimama mno, lilaze." Maana yake, sehemu ya juu ya gurudumu iingie ndani zaidi, ili gari likilala kwenye kona uso wote wa tairi ukae chini. Kwenye GT4 pembe hiyo hurekebishwa mbele kwa vipande vyembamba vya chuma vinavyoongezwa kwenye mkono wa chini. Tumeweka nyuzi 2.5 hasi. Watu huogopa kwamba barabarani itakula upande wa ndani. Kweli inakula kidogo, lakini kinachomaliza tairi haraka ni magurudumu kutazamana vibaya, kwa hiyo alaimenti ifanywe nzima, siyo kulaza gurudumu kisha ukaliacha linatazama pembeni. Na kama nilivyosema, ya kulia na ya kushoto hubadilishana: Cup 2 ina upande wa nje na wa ndani lakini haina mwelekeo maalumu wa kuzunguka, hivyo gurudumu linahama lilivyo bila kuvuliwa tairi. GT4 ina boliti tano za kawaida, basi ni jeki, spana na uvumilivu.

Sasa hao wakali. Rafiki yangu ana Lamborghini Huracán Performante, gari lililozunguka uwanja wa Nürburgring Nordschleife, Ujerumani, mwaka 2016 kwa dakika 6 na sekunde 52.01 likiwa na Trofeo R. Amefunga hizohizo, na mapema jioni hakuna anayemwona. Lakini gari lake linakuja juu ya lori na kuondoka juu ya lori. Mimi nina barabara, na barabara ya Ghuba ina mvua, msinichekee. Tarehe 16 Aprili 2024 kituo cha Khatm Al Shakla, Al Ain, kilipima milimita 254.8 za mvua chini ya saa 24, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana Imarati tangu vipimo vianze mwaka 1949. Khatm Al Shakla ndipo penye mpaka ninaopitia.

Hata Cup 2 yenyewe, kwenye maji yaliyotuama, huelea mapema kuliko tairi la kawaida, na Michelin hawafichi hilo. Nikikuta mvua nashuka hadi kilomita 80 kwa saa, magari ya familia yananipita, na sina haya. Cup 2 R ina mpira mwingi zaidi unaogusa lami na mifereji michache zaidi. Uwanjani pakiwa pakavu ina kasi zaidi, na kwenye maji deni hilo inalilipa. Ningekaa Abu Dhabi, dakika kumi kutoka getini, pengine ningeichukua. Na nyinyi mlioko Ujerumani au Minnesota, baridi nayo muiogope: mpira wa aina hii ukifika nyuzi 7 chini ya sifuri unaweza kupasuka, hata kwa kusukumwa tu ndani ya banda. Yavueni kabla ya majira ya baridi.

Kero za kila siku zipo. Kwenye barabara kuu linavuma, na abiria wangu wa kudumu, mke wangu, ameshalitolea fatwa. Likitoka uwanjani moto linaokota kila kokoto na kila punje ya mchanga hadi getini, na zinagonga matao ya gurudumu kwa kilomita nzima. Pia tairi la namna hii hukakamaa kwa kupashwa moto na kupoa mara nyingi, hata kama kashata bado zinaonekana. Ukiona geji inasoma vizuri, lami ina joto, lakini gari linateleza pale ambapo zamani lilishika, usipime kina cha kashata kwanza. Mpira umekufa.

Kwenye ununuzi kuna mambo mawili ya kusoma kwa macho yako, usimwachie muuzaji. La kwanza ni herufi N na tarakimu yake, N0, N1 na kuendelea, alama ya kwamba Porsche wamelikubali tairi kwa magari yao. Tarakimu ni ya kizazi cha tairi, haisemi lipi bora, na usichanganye vizazi viwili kwenye ekseli moja. La pili ni tarehe: tarakimu nne mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT ubavuni mwa tairi, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2223 ni wiki ya 22 ya mwaka 2023. Duka moja, silitaji, liliniletea seti inayong'aa, imefutwa dawa hadi inanukia, na tarehe ikaonyesha imekaa ghalani miaka minne. Muuzaji akaniambia tairi si maziwa. Kwa tairi la familia tungejadiliana. Kwa hili, ambalo thamani yake yote iko kwenye ulaini wa mpira, nilirudisha funguo mfukoni nikaondoka, na seti niliyonunua kwingine ilikuwa na miezi michache tu tangu itoke kiwandani.