COCA kwa vitenzi vya shamirisho mbili: inasaidia wapi, inapotosha wapi

Kiswahili kina kauli ya kutendea. Karibu kitenzi chochote, ukikivika -ia au -ea, kinampokea mtendewa bila kuuliza: nifafanulie somo, nipendekezee kitabu, nifungulie mlango. Kiingereza hakina kiambishi hicho. "Give me the book", yenye shamirisho mbili (me na the book), inapita, "explain me the lesson" inagoma, na kitenzi chenyewe hakina alama yoyote ya kukutahadharisha. Orodha za vitabu vya sarufi hutaja give, send, tell na show, kisha zinanyamaza pale mwandishi anapozihitaji zaidi: je, email? text? recommend? guarantee? Kwa maswali ya aina hiyo tunaipendekeza COCA, mradi ujue mitego yake.

Jina kamili ni Corpus of Contemporary American English. Ni kongoo, yaani hazina ya matini halisi, iliyotengenezwa na Mark Davies alipokuwa Brigham Young University na kufunguliwa mwaka 2008. Inapatikana kwenye tovuti ya English-Corpora.org. Ina maneno zaidi ya bilioni 1 ya kuanzia mwaka 1990 hadi 2019, katika mafungu 8: mazungumzo ya redio na televisheni, hadithi za kubuni, majarida, magazeti, maandishi ya kitaaluma, manukuu ya filamu na vipindi vya televisheni, blogu, na kurasa nyingine za wavuti. Kujisajili ni bure, ila utafutaji kwa siku una kikomo, na ukitafuta mara kadhaa unakatizwa na ujumbe wa kukuomba ulipie.

Anayeandika maneno mawili tu na kubofya hapati hata robo ya faida yake. Andika kitenzi kwa herufi kubwa, GIVE, nawe utaletewa give, gives, gave, given na giving kwa pamoja. Zipo pia lebo, yaani alama za aina za maneno: _pp* husimama badala ya viwakilishi nafsi, _nn* badala ya nomino, na _at* badala ya the, a na an, pamoja na no na every, ambazo lebo za kongoo hii huziweka kundi hilohilo. Kwa hiyo GIVE _pp* _at* inakuletea "gave him a", "give me the", "gave us no" na jamaa zake, zikiwa zimepangwa kwa wingi wa matumizi. Ukitaka maneno mahususi, yatenge kwa mstari wa wima: me|us|them.

Sasa tujaribu explain. Ukiandika EXPLAIN _pp* _at* utapata matokeo, na mgeni anaweza kudhani muundo huu ni halali. Soma mistari yenyewe kwanza. Lebo ya viwakilishi inabeba pia it, kwa hiyo inaingia "explain it the way you see it", ambamo "the way" ni namna ya kueleza, wala si kipozi (kitu kinachoelezwa). Finya wigo: EXPLAIN me|us|him|them the|a. Kisha tafuta EXPLAIN to me|us|him|them ulinganishe. Uzito uko kwenye uwiano huo. Mistari michache ndani ya maneno bilioni moja haihalalishi kitu, maana fungu la mazungumzo lina wageni waliojifunza Kiingereza ukubwani, na wahariri wa redio hawasahihishi kauli za watu. Bofya mstari uone chanzo na muktadha kabla ya kuamua. Vilevile, ukikosa kabisa muundo fulani, pengine umeandika lebo vibaya tu.

Kazi nyingine ambayo COCA huifanya vizuri ni kuonyesha pale ambapo miundo miwili inashindana: "gave the mayor the keys" dhidi ya "gave the keys to the mayor". Ukitafuta GIVE _at* _nn* to utachukua na takataka nyingi, kwa sababu to ina kazi mbili. Andika to_ii, ambayo ni to kihusishi peke yake, na "gave a reason to stay" itaondoka. Itakayobaki ni "gave the answer to the question", ambapo to inamtegemea answer, si give. Hiyo hakuna lebo itakayoichuja. Ni jicho lako. Ukishasafisha utaona wazi kanuni ambayo wanafunzi hufundishwa kijuujuu: kiwakilishi kifupi hutangulia, na kirai kirefu husukumwa mwisho. Mtu husema "give me the keys", lakini husema "give the keys to the woman who came yesterday". Vitenzi kama cost havina uhuru huo. "It cost me a fortune" haina pacha wenye to.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba kongoo huona umbo, haioni uhusiano. "Make you a sandwich" na "make you a star" zinarudi kwenye safu moja, ilhali ya kwanza ni kukutengenezea kitu na ya pili ni kukugeuza kuwa kitu. Ndivyo ilivyo kwa "call me a taxi" na "call me a fool". Kipimo cha haraka ni kuhamisha kitondo (anayepokea kitu) kwa for: "make a sandwich for you" inasimama na maana yake ileile, lakini "make a star for you" imekuwa jambo jingine. Neno her nalo husumbua. "Gave her food" ni alimpa chakula, au alitoa chakula chake? Sisi tuna -m- na -ake, haviwezi kuchanganyikana. Kiingereza kina umbo moja, na mashine inayoweka lebo hubahatisha kwa kutazama maneno jirani. Ukitaka hesabu safi, tafuta him na them, achana na her.

Kwa anayefikiri kwa Kiswahili, jozi mbili zinastahili nusu saa nzima. Tunasema niazime kalamu, na kuazima kwetu ni kwa anayetoa na anayepokea. Hapo ndipo "borrow me a pen" inapozaliwa. Linganisha LEND me|us a|the na BORROW me|us a|the uone mahali ambapo waandishi wa Kiingereza wamesimama. Jozi ya pili ni steal. Aliniibia gari maana yake nimepoteza gari. "He stole me a car" kwa Kiingereza humaanisha kinyume chake: aliiba ili anipe. Shamirisho mbili za Kiingereza hubeba wazo la kitu kumfikia kitondo, na kauli yetu ya kutendea haifungwi na hilo. Aliyepoteza husema "stole my car" au "stole a car from me".

Kitufe cha Chart usikipite. Ukitafuta RECOMMEND me|us a, hesabu hugawanywa kwa kila fungu na kwa kila milioni ya maneno, na humo utaona kama muundo unakaa kwenye blogu na mazungumzo tu au umeingia pia kwenye maandishi ya kitaaluma. Mwandishi wa ripoti rasmi anahitaji tofauti hiyo kuliko neno "sahihi" au "kosa".

COCA ni ya Marekani pekee. "Give it me", ambayo ni ya Uingereza, usiihukumu kwa matokeo yake. Tovuti hiyohiyo ina BNC, maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, na GloWbE, maneno bilioni 1.9 kutoka nchi 20. Utafutaji wa "provide us the" unaweza kuunakili kama ulivyo kwenye GloWbE, ukatazama safu ya India kando ya safu ya Uingereza.