Kabla ya Kununua Telekomande, Igeuze Uangalie Mgongo Wake

Mwezi uliopita nilinunua telekomande ya televisheni zote katika soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, kwa faranga 12.000, na kabla Jumapili ya pili haijafika ilikuwa imeshaniaibisha mbele ya shemeji zangu watatu waliokuja kutazama Mazembe ikicheza na Lupopo. Haikuanguka, haikumwagikiwa chai, wala hakuna aliyeikalia. Kitinda mimba wangu, mwenye mwaka mmoja na miezi tisa, aliigeuza tu na kusukuma mgongo wake kwa kidole gumba. Kifuniko cha betri kikaruka, betri mbili zikabingirika chini ya kabati, na telekomande ikasahau papo hapo kwamba iliwahi kuijua televisheni yetu. Betri tulizipata upesi. Msimbo, yaani namba inayoifundisha telekomande ni televisheni gani iiongoze, ndio tuliouhangaikia kipindi chote cha pili, baba watoto akisoma namba kwenye karatasi iliyochapwa kwa herufi ndogo kama sisimizi, mimi nikibonyeza, na shemeji mmoja akitutangazia magoli aliyokuwa akiyasikia kwa simu.

Tangu siku hiyo, kila nyumba ninayoingia nageuza telekomande na kuangalia mgongo wake, na wenyeji wameanza kunizoea. Kwa hiyo katika mwongozo huu sitajadili umbali wa mwale, idadi ya vifaa ambavyo telekomande moja inaweza kuviongoza, wala uzuri wa umbo lake. Sebule zetu nyingi hazizidi mita tano, na telekomande yoyote iliyo hai inafika. Nitajadili kifuniko cha betri, kwa sababu katika nyumba yenye watoto wadogo ndipo telekomande (wenzetu wa Dar es Salaam na Nairobi huiita rimoti) inapoanzia kufa, na wauzaji hawakuonyeshi upande huo hata siku moja.

Vifuniko ni vya aina tatu. Kipo kile kinachoteleza kwenye reli mbili za pembeni, na hicho hudumu kwa kiasi, kwa kuwa nguvu ya mkono hugawanyika kwenye reli. Kipo kile kinachoshikwa na ulimi mmoja wa plastiki, mwembamba kama ukucha, ambao hujikunja kila unapofungua. Hicho ndicho kinachojaa sokoni, na ndicho kilichoniponza. Ukitaka kujua umri wa ulimi huo, ufungue na kuufunga mara kumi ukiwa bado dukani, kisha uuangalie pale ulipoungana na kifuniko. Plastiki nyeusi ikianza kupauka na kuwa nyeupe mahali hapo, jua kwamba imeshapata nyufa ndogondogo ndani yake, na siku zake zinahesabika. Muuzaji atanung'unika. Mwache anung'unike. Aina ya tatu hufungwa kwa skrubu ndogo ya nyota, na katika miaka yangu yote ya kuzunguka masoko ya mitaa ya Kenya na Katuba nimeiona mara mbili tu, mara zote kwenye telekomande za vitu vya kuchezea watoto.

Kifuniko kikishavunjika, mambo mengine hufuata kwa zamu. Betri hucheza ndani ya chumba chake, springi hulala upande, na telekomande huanza kufanya kazi kwa kupigwapigwa kwenye goti. Baya zaidi ni usahaulifu. Telekomande nyingi za bei ya chini huhifadhi msimbo wa televisheni katika kumbukumbu inayotegemea umeme wa betri; betri zikitoka, msimbo nao umekwenda. Nyingine huuandika katika kumbukumbu isiyohitaji umeme, na hizo hata ukizilaza bila betri mwezi mzima zitaamka zikiwa na akili zao. Kwenye pakiti hutaliona jambo hili limeandikwa, ila kulijaribu ni rahisi. Mwambie muuzaji aiunganishe na televisheni yake, zitoe betri, bonyeza kitufe chochote mara kadhaa ili kumaliza umeme uliobaki ndani, subiri dakika tano, kisha zirudishe. Ikiwa televisheni haiitikii, mrudishie mali yake na umshukuru.

Kuna jambo la tatu, na hapa naomba wazazi wasinisome kwa haraka. Baadhi ya telekomande ndogo nyembamba, hasa zile zinazokuja na redio, taa za rangi na feni, hutumia betri bapa kama sarafu, ambayo huandikwa CR2025 au CR2032. Zote mbili zina upana wa milimita 20 na nguvu ya volti 3. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, umeme wake hupita kwenye majimaji ya mwili, na upande wake hasi huzalisha kemikali kali ya jamii ya soda kaustiki, ile ambayo mama zetu hupikia sabuni. Kemikali hiyo inaweza kuunguza koo vibaya ndani ya saa 2, tena mtoto akiwa haonyeshi dalili yoyote zaidi ya kutokwa mate na kukataa chakula. Ukishuku jambo hilo, usimtapishe. Mpeleke mara moja kwenye hospitali yenye mashine ya eksirei. Kwa ajili ya vifo vya namna hiyo Marekani ilipitisha sheria mwaka 2022, na Australia ikaanza kutekeleza kanuni zake Juni mwaka huo huo, ili chumba cha betri hizo kisifunguke kwa urahisi, ila ama kwa chombo kama bisibisi au sarafu, ama kwa miendo miwili tofauti ya mkono inayofanywa kwa pamoja. Sheria hizo hazifiki mpakani Kasumbalesa, ambako mizigo yetu mingi hupitia, kwa hiyo ukaguzi unabaki kuwa wako. Mimi telekomande ya betri ya sarafu haiingii nyumbani kwangu, hata ikitolewa bure.

Baada ya hayo, huu ndio mpangilio wangu.

Ya kwanza ni Huayu ya chapa moja, na upendeleo wangu siufichi. Huayu hutengeneza familia mbili za telekomande. Kuna zile za kubahatisha, kama RM-L1130+8, ambazo hufanya kazi na televisheni za chapa nyingi baada ya kuzipangia msimbo. Na kuna zile zilizotengenezwa kwa ajili ya chapa moja tu, iwe Samsung, LG au nyingine kubwa, ambazo unazitia betri na kuanza kuzitumia. Nunua hizi za pili. Kwa kuwa hazina msimbo wa kupangiwa, hazina cha kusahau, na mtoto akizitapanya betri mara ishirini kwa siku, utazirudisha mara ishirini na maisha yataendelea. Niliijua kwa mama mkwe wangu kule Katuba, ambaye analea wajukuu saba chini ya paa moja. Yake ina miaka miwili. Pembe moja ina alama za meno manne, alama kwenye vitufe vya sauti zimefutika kabisa, lakini kifuniko chake bado kinafunga kwa mlio wa "ta!" kama siku ya kwanza. Ameivika mfuko wa nailoni na kuufunga kwa mpira, kama mabibi wote wafanyavyo. Nilikuwa nikicheka desturi hiyo. Sasa naona kwamba nailoni hiyo inakibana kifuniko kisifunguke, na mwale hupita ndani yake bila shida. Bei yake ilikuwa mara mbili ya ile iliyoniaibisha, nami nimeshanunua ya kwangu.

Ya pili ni One For All, ambayo yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa anayeishi Brussels, alituletea alipokuja likizo. Ni chapa ya kampuni ya Marekani iitwayo Universal Electronics. Kwa upande wa kumbukumbu haipitwi na Huayu ninayoipenda, ingawa yenyewe hupangiwa msimbo: niliiacha bila betri wiki nzima, na nilipozirudisha iliwasha televisheni na dekoda kana kwamba haikuwahi kulala. Ingekuwa ya kwanza kama ningeweza kumwambia msomaji wa mitaa yetu ya Ruashi au Kampemba mahali pa kuinunua. Kumwambia mtu anunue kitu kinachosubiri ndugu apande ndege si mwongozo.

Ya tatu ni telekomande ya kunakili, na iliyo rahisi kuiona hapa ni Chunghop L336. Hii haina orodha ya misimbo. Unailaza kichwa kwa kichwa na telekomande ya zamani, unabonyeza kitufe kwenye ile ya zamani, nayo hujifunza. Inafaa sana kwa televisheni za chapa zisizojulikana, ambazo namba zake hazipo kwenye karatasi yoyote. Sharti lake ni moja tu, na watu wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: ya zamani iwe bado hai. Kwa hiyo inunue siku ile ile unayonunua televisheni, uinakili jioni hiyo, kisha uifiche ile halisi juu ya kabati. Jaribio la kutoa betri liko pale pale. Hizi za Huayu za kubahatisha nazipa nafasi ya nne, na simu zenye mwale wa kuongozea televisheni, kama Redmi nyingi za Xiaomi, naziacha nje ya hesabu, kwa sababu kumpa mtoto simu ili abadilishe katuni ni kuhamisha tatizo tu.

Kuhusu betri zenyewe nitasema neno moja. Soma maandishi madogo: R03 ni betri ya zinki na kaboni, LR03 ni ya alkali. Ile ya kwanza ni ya bei nafuu na inatosha kwa telekomande, lakini ngozi yake ya zinki huliwa kadiri inavyotumika, na ikizeeka humwaga uji unaokula springi. Ukinunua R03, zibadilishe kabla hazijaisha kabisa.

Sasa niseme juu ya wauzaji, maana nikinyamaza nitakuwa nimeficha nusu ya bei. Kwanza, kila telekomande katika soko letu ni "orijino". Sijawahi kukutana na muuzaji mwenye isiyo orijino, hata pale jina la chapa lilipokuwa limekosewa herufi. Pili, watakujaribia kwa televisheni yao wenyewe, ambayo huitikia kila kitu, na ukiomba kwenda kujaribu nyumbani utaambiwa, "Mama, ikishatoka hapa hairudi." Nenda na simu yako. Fungua kamera ya mbele, elekeza taa ya telekomande kwenye kamera, bonyeza kitufe kimoja kimoja, na kwa kila kitufe kizima taa hiyo itaonekana kwenye simu ikimulika nuru ya zambarau ambayo macho yetu hayaioni. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili, na kati ya telekomande tatu nilizoletewa, moja kitufe chake cha kuchagua HDMI, yaani tundu la televisheni linalochomekwa dekoda, kilikuwa maiti. Kitufe hicho si cha anasa kwetu: umeme ukikatika na kurudi, televisheni yetu hujiwasha mahali pake pa kwanza, na bila hicho dekoda huioni.

Tatu ni dola. Bei hutajwa kwa dola, chenji hurudishwa kwa faranga kwa kiwango kilichomo kichwani mwa muuzaji, na noti yenye tundu la ukubwa wa kichwa cha pini hukataliwa kana kwamba umeileta kutoka jalalani. Nilikataliwa noti ya dola tano kwa mkunjo uliopasuka nusu sentimita, na mtu ambaye dakika mbili kabla alikuwa ameniapia kwamba kifuniko kilichopauka "hicho si kitu". Jicho linaloona mpasuko wa noti linashindwaje kuona mpasuko wa kifuniko?

Zile zisizo na jina, za faranga chache, zinazoning'inizwa kwenye vibanda vya kando ya barabara kama samaki wakavu, nazitaja kwa ajili ya waliokwisha kuzinunua kama mimi. Usiifunge kwa skochi. Gundi yake hulainika kwa joto la mikono, hushika vumbi, na mtoto huibandua akiifurahia. Mpelekee fundi wa baiskeli, akukatie kipande cha tyubu kuukuu chenye upana wa vidole vitatu, ukivalishe kiunoni mwa telekomande juu ya kifuniko. Kinabana hata mimi mwenyewe hukivua kwa kukunja uso, na kitinda mimba wangu amekitafuna siku nne kisha akahamia kwenye viatu. Fundi wa mtaani kwetu alinikatia kwa faranga 500, na noti niliyompa ilikuwa imeunganishwa kwa plasta.