Never No Lament: hapa besi ya Blanton inasikika

Mkusanyiko huu una CD 3, nyimbo 75, zote za bendi ya jazi ya mpiga piano Duke Ellington zilizorekodiwa kwa lebo ya Victor kati ya 1940 na 1942. Lebo ya Bluebird ilizitoa upya mwaka 2003. Sisi tunaupima mkusanyiko wa kipindi hiki kwa jambo moja: besi ya Jimmy Blanton, mpiga besi wa bendi hiyo, inasikika noti kwa noti, au ni mvumo tu? Humu inasikika.

Kazi hiyo si rahisi. Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika hazikubeba sana sauti za chini kabisa wala za juu kabisa, na juu ya muziki kuna mkwaruzo. Fundi akiusafisha kupita kiasi, anafuta pia matoazi ya mpiga ngoma Sonny Greer na ule mguso wa kidole kwenye uzi unaokujulisha noti imeanzia wapi. Toleo la 1986, lenye nyimbo 66, lililaumiwa sana kwa sauti yake. La 2003 ni safi zaidi, na mchakacho mdogo uliobaki usikusumbue. Usisikilize kwa spika ya simu: uzi mnene wa besi hushuka hadi kama hezi 41, na spika ndogo haifiki huko. Tumia hedifoni, na usiongeze besi kwenye kifaa, maana utaziba tromboni.

Nyimbo zimepangwa kwa tarehe za kurekodiwa, kuanzia Chicago, 6 Machi 1940. Wimbo wa kuimbwa unaofungua, "You, You Darlin'", unaweza kuuruka. Nenda "Jack the Bear", usikie Blanton akijibizana na bendi nzima tangu mwanzo. Kisha "Ko-Ko", bluzi ya baa 12 (baa ni kipande kimoja cha mapigo), na hapa tulia. Harry Carney anaishikilia noti nzito ya saksafoni ya baritoni, tromboni zinaingia juu yake, halafu Joe Nanton anauziba na kuuachia mdomo wa tromboni yake kwa mpira wa kuzibulia sinki, hadi chombo kinatamka "ya" kama mtu. Kwenye nakala mbovu sauti hizo hugandana. Hapa kila moja ina nafasi yake.

"Cotton Tail" nayo haina mfano: baa 64 za saksafoni ya Ben Webster, na baadaye saksafoni tano zinakwenda pamoja kama pumzi moja.

Dueti za piano ya Ellington na besi ya Blanton za 1 Oktoba 1940 zimo, pamoja na rekodi mbadala. Mgeni atachoka kusikia wimbo uleule mara mbili. Mpiga besi atashukuru, kwa sababu anaweza kulinganisha alichobadilisha Blanton kutoka rekodi moja hadi nyingine.

Mwaka 1941 redio za Marekani zilikorofishana na ASCAP, chama cha watunzi wa muziki alimokuwa Ellington, na tungo za Ellington mwenyewe zikawa hazipigwi hewani. Mtunzi mwenzake Billy Strayhorn na mwanawe Mercer Ellington wakaijaza nafasi hiyo. "Take the 'A' Train", ya 15 Februari, ilitoka humo, na tarumbeta ni ya Ray Nance, aliyechukua nafasi ya mpiga tarumbeta Cootie Williams kwenye bendi. Ukifika nyimbo za 1942 utasikia besi imebadilika. Blanton alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu na alifariki Julai mwaka huo. Anayepiga hapo ni Junior Raglin.